Mama Mkwe Alisalimia Dirishani

Amani ya Bwana, ndugu zangu! Mume wangu alimzuia mama yake mzazi mlangoni kwetu, kuku mkononi, na ni kwa sababu hiyo niko hai leo. Mungu ni mwema!

Nirudi nyuma kidogo. Niligundulika kuwa na saratani ya titi. Baada ya dripu ya kwanza ya dawa za saratani nilirudi hapa Mungaa, nanyi mkaja kunipa pole kama tulivyolelewa: mnaingia hadi chumbani, mnaketi kitandani, kila mmoja ananishika mkono, watoto mgongoni. Wanamaombi wakaniwekea mikono kichwani. Mmoja alikuwa anakohoa. "Ni kamafua tu," akasema, tukacheka.

Ndugu zangu, kamafua kale kalinilaza hospitali ya mjini, napumua kwa oksijeni! Dripu ya pili ikaahirishwa, lakini uvimbe haukusubiri. Daktari akamwambia mume wangu, "Dawa hizi zinapiga saratani, ila zinaangusha na askari wa damu wanaolinda mwili. Kirusi cha mafua kwako wewe ni kupenga kamasi. Kwa huyu mama ni kaburi." Akaagiza anayeumwa asinikaribie, mikono ioshwe kwa sabuni, na watu wa nyumbani wakaulize kuhusu chanjo kama ya mafua.

Tulipotoka hospitali, mume wangu akaweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni, na benchi nje ya dirisha langu. Ndipo mama mkwe akafika kutoka Unyambwa, anapiga chafya.

"Shikamoo mama. Keti hapo nje."

"Elia! Nimekuzaa mimi, leo unanikalisha uani na kuku?"

"Mama, una mafua."

"Kwani siku hizi mafua nayo ni ugonjwa?"

Nililia mle ndani. Kwetu kumzuia mgeni ni aibu, sembuse mama mkwe! Nikamwita kupitia wavu wa dirisha, "Mama, nikiugua tena hawatanipa dawa. Niombee ukiwa hapo hapo."

Akamweka kuku chini. Kisha akapiga magoti vumbini, akaomba kwa sauti mpaka majirani wakatoka!

Alipopona alihamia kwetu, akawa bawabu. Mnamjua! Hata mwinjilisti alirudishwa: "Baba, nenda kakohoe kwako. Mungu anasikia hata kutoka dirishani." Kwaya nayo ikaimbia uani, mimi naitikia kitandani.

Wengine walisema imani yetu imepungua. Hapana! Bwana aliyenilinda ndiye aliyetumia sabuni na benchi. Sikuambukizwa tena, na dripu zote nimemaliza! Asante Yesu! Asanteni nanyi mliokubali kuketi juani.

Wewe mwenye mgonjwa wa saratani nyumbani, mtumaini Mungu, na muulize daktari ni chanjo gani inamfaa mgonjwa na ipi inawafaa ninyi, maana si zote anaruhusiwa. Anayekohoa mwambie kwa upole abaki nje. Usione haya.

Juzi nilipimwa tena kuona kama saratani imekwisha. Majibu bado hayajatoka.