Mita Inakimbia, Taa Zimezimwa

"Huo waya naukata leo leo, dada, usinizuie!"

"Nikuzuie mimi nani? Hata sikujui!" Mshona nguo alimjibu kinyozi waliyekaa naye kiti cha nyuma cha teksi ya kuchangia. Dereva akapunguza redio. Kazi yake ina raha zake.

Kinyozi alikuwa anachemka kwa furaha ya kugundua anayemmalizia umeme. Kila bili ya umeme ikija, aliwafokea watoto kwa kupiga pasi ovyo. Leo akaamua kukagua nyumba: kazima kila kitu, hadi friji, kaenda kutazama mita. Inakimbia tu! Akafuata waya ukutani mpaka chumba cha uani, kisha akatoka mbio kununua plaizi ya kuukatia, na sasa alikuwa anarudi nayo nyumbani.

"Huko uani anakaa nani?"

"Mama mkwe."

Mshona nguo akashika kichwa. "We baba! Umkatie mkweo umeme? Mkeo utamwambia nini? Ongea naye kwanza."

"Wanangu wamesingiziwa vya kutosha! Leo inaongea plaizi!"

Teksi ikasimama. Mama mkwe mwenyewe alikuwa anafagia getini. Kinyozi akashuka.

"Shikamoo mama," akasema kwa kisauti chembamba, halafu akaufunga mlango wa teksi taratibu, utadhani ndani kuna mtoto amelala.