Safari ya Mwezi wa Tano: Kumuaga Mzee Hasmukh wa Basi la Bluu

Ijumaa hii, tarehe 29 Aprili 2022, Mzee Hasmukh Dattani anarudisha funguo za basi la bluu. Amewabeba wazee wa makao yetu ya Toongabbie, hapa Sydney, kwa miaka ishirini na minne na miezi mitatu. Atakayekwambia anastaafu kwa kuchoka hamjui. Mzee anastaafu kwa sababu ana safari, na tarehe za safari hiyo si yeye aliyezipanga.

Alizaliwa Kisumu, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, akahamia Sydney na mkewe, Bi. Nirmala, mwaka 1987. Wageni wengi kazini humdhania Mhindi asiyejua neno letu hata moja. Muuguzi wetu Wilkister alidhani hivyo mwaka 2009, siku yake ya kwanza kazini. Alipanda basi, akapiga simu, akamteta dereva kwa Kiswahili kutoka hapa hadi Westmead, kwamba anaendesha gari kama anayesindikiza maiti. Walipofika Mzee akamfungulia mlango na kumweleza, kwa Kijaluo safi, lugha ya kwao Wilkister, kwamba mwendo huohuo ndio umemfikisha salama. Tangu siku hiyo Wilkister hajamteta mtu ndani ya gari.

Mwendo wa Mzee una siri yake, na siri hiyo imo katika daftari lake la jalada gumu. Kila safari huandikwa humo kwa penseli siku moja kabla: saa ya kuondoka, barabara, nani anakaa wapi, na chini kabisa nusu saa ya choo. Nusu saa hiyo haijadiliwi. Meneja watatu wamejaribu kuifuta na wote wameondoka kabla yake. Katika miaka yote hiyo hakugonga kitu, ukitoa chungu kimoja cha maua cha meneja wa pili, na hata hapo sote tuliona chungu ndicho kilichokuwa mahali pabaya.

Ukiligeuza daftari na kulifungua kutoka nyuma unakuta safari nyingine. Ni ya hija ya kwenda kwenye mahekalu manne ya Wahindu, juu kabisa katika milima ya Himalaya: Yamunotri, Gangotri, Kedarnath na Badrinath. Mzee na Bi. Nirmala waliahidiana hija hiyo mwaka waliooana, kisha wakaja watoto, ada za shule na nyumba. Mpango wake ni gari la kukodi kutoka Delhi, siku kumi na nne, kuanzia magharibi kwenda mashariki kama desturi inavyotaka. Hakuna kusafiri giza likiingia, kwa sababu mlima humomonyoka. Kuna siku mbili za akiba. Na kila baada ya saa mbili, nusu saa ya choo.

Shida ni hekalu la tatu. Barabara haifiki Kedarnath. Zinabaki kilometa kumi na sita za kupanda. Wapo farasi na wapo wabebaji, lakini Bi. Nirmala ameapa kufika kwa miguu yake, na goti lake la kulia lilikwisha kuonywa na daktari kwamba limebakiza miaka michache tu ya kazi. Walikata tiketi za Mei 2020. Machi mipaka ikafungwa.

Miaka miwili iliyofuata tulikuwa tunahesabu miaka ya goti pamoja nao. Basi liliegeshwa likaota utando wa buibui, na Mzee akawekwa mlangoni na kipimajoto. Mwaka 2021, tulipofungiwa tangu Juni hadi Oktoba na jamaa wasiruhusiwe kuingia, alilitoa daftari tena akapanga zamu za madirisha: familia hii dirisha la jikoni saa nne, ile dirisha la bustani saa nne na nusu, viti viwili nje, simu ndani, na Mzee mwenyewe akiishikilia simu kwenye sikio la asiyeweza kuishika. Tulipoteza watu miezi ile. Hakuna aliyeondoka bila kumwona mtoto wake, hata kama ni kupitia kioo, na kwa hilo pekee tungemshukuru mpaka kesho.

Novemba ruhusa ya kutoka nchini ikapatikana, na sisi tukafanya wanachofanya Wakenya wakiona mtu ana jambo: tukaunda kamati kabla mwenye jambo hajaulizwa. Mwiti, anayepanga zamu, akawa mwenyekiti. Mimi Mutanu nikawa katibu. Kyakimwa, dada yetu wa kutoka Beni anayefanya kazi ya kufua, akaingia kwa sababu alisema kamati ya Wakenya bila Mkongo itaongea tu. Tukaamua Mzee apate Desemba nzima. Kyakimwa alitoa Krismasi yake na wengine wanne wakaacha likizo zao. Tukaoka keki, tukamwita, na Mwiti akamkabidhi ratiba iliyopigwa chapa. "Mzee, leave ishakuwa approved, roster iko sawa, wewe ni kupanda ndege tu."

Mzee aliisoma ratiba mara mbili, akavua miwani. Kisha akatueleza taratibu kwamba Desemba mahekalu yale yamefungwa na theluji imefika kwenye paa. Miungu wenyewe hubebwa kwa machela na kushushwa vijiji vya chini, hukaa huko baridi yote, na hawarudi juu mpaka karibu na mwezi wa tano. Tulikuwa tumempangia mtu safari ya kwenda kubisha hodi kwenye nyumba isiyo na mwenyewe.

Sijui kama kuna watu wengine duniani wangekosea hivyo. Kwetu, mtu husafiri Desemba. Hakuna katika kamati aliyewaza kuuliza kama mlima nao unafuata kalenda yetu. Mwiti alikata keki bila kumtazama mtu.

Hapo ndipo Mzee alipoomba penseli. Alipiga mstari juu ya jina lake kwenye ratiba akaandika langu. Alijua sijamwona mama yangu tangu 2018, kwa sababu nilikuwa nimemwambia mara moja tu, mlangoni, akinipima joto. Nilikwenda mjini Wote, Makueni, na mwanangu anayejibu kila kitu kwa Kiingereza alikaa wiki tatu jikoni kwa nyanya yake, akarudi akijua kuomba chai kwa Kikamba. Februari mama alifariki. Nilimzika kupitia simu, nikiwa chumba cha kupumzikia hapa kazini. Lakini nilikuwa nimemwona, na nimemwona kwa sababu ya penseli ya Mzee Hasmukh. Sikuwahi kumwambia vizuri, kwa hiyo namwambia hapa. Asante sana, Mzee.

Sasa mwezi wa tano wenyewe unaingia keshokutwa. Tuliuliza kwa nini asichukue likizo tu, akasema hataki kupanda mlima huku anahesabu siku za kurudi kazini. Ndege yao ni kesho Jumamosi. Kuhusu goti, kwa miaka miwili Bi. Nirmala amekuwa akipanda na kushuka ngazi za stesheni ya Toongabbie kila asubuhi, bila kugusa lifti, na abiria wa treni ya saa moja wanamjua kwa jina.

Kamati haijavunjwa. Safari hii tumeuliza kwanza. Mzee ametupa siku watakayopanda Kedarnath, na siku hiyo, wakianza kupanda, Mwiti na kitambi chake, Wilkister, Kyakimwa na mimi tutakuwa kwenye ngazi hizohizo za Toongabbie, tukipanda na kushuka mpaka simu ilie kwamba goti limefika. Kyakimwa amesema hajui kuomba kwa namna yao, ila kupanda ngazi anajua.

Mzee Hasmukh, Bi. Nirmala, tunawatakia barabara kavu na maisha marefu yenye raha baada ya barabara hiyo. Mkifika juu, hakuna anayewasubiri basini. Kaeni nusu saa yenu yote.