Sauti Niliyoisafisha Hadi Ikapotea

Ndugu zangu wafiwa wenzangu, nimeombwa kusimama leo, nami nimekubali kwa woga. Hapa Kongowe, katika kikundi chetu cha kanisa cha kufarijiana, nimesikiliza shuhuda zenu kwa muda mrefu bila kusema neno, na si haki mtu apokee faraja daima pasipo kufungua kinywa chake.

Wengi mnajua kwamba mke wangu aliongoza sauti ya kwanza katika kwaya yetu. Sitalitaja jina lake, kwa sababu nikilitaja sitaweza kuendelea. Alikuwa na desturi moja: kila siku ya mazoezi aliiweka simu yake dirishani mwa kanisa, akarekodi wimbo mzima, kisha nyumbani kwetu Pangani, hapa hapa Kibaha, akapika huku akisikiliza ni nani aliyekosea na wapi. Alipougua kifua hakuacha kuimba. Rekodi zake za mwisho zina nyimbo, na zina kikohozi. Kikohozi hicho ndicho kilichoniangusha mimi.

Tulimzika kwao Kisarawe. Nilipokuwa naaga ili nirudi Kibaha, mama mkwe aliniita pembeni.

"Baba, nasikia aliacha nyimbo kwenye simu."

"Ndiyo, mama. Zipo nyingi."

"Mimi simu yangu hii ni ya halo, halo, basi. Lakini redio yangu inacheza CD. Nichomee, uniletee siku ya arobaini. Nataka nimsikie humu ndani."

Nilimwahidi. Mimi nimesoma chuo kikuu, na nilifundishwa kwamba kila tatizo lina njia ya kulichunguza. Nawaambia, huzuni ya msomi ina ujanja wake: huvaa miwani ikajiita utafiti. Nilianza kutafuta programu ya kompyuta ya kufanya kile ambacho watu wa studio hukiita masta, yaani hatua ya mwisho, ambapo nyimbo zilizokwisha kurekodiwa husawazishwa ukubwa wa sauti, hupangwa zifuatane, kisha huchomwa kwenye CD.

Ya kwanza niliyoijaribu ilikuwa ya bure na ya kawaida kabisa. Niliidharau. Ya pili ilikuwa ya studio kubwa, yenye mishale na vitufe vingi mithili ya chumba cha rubani, nami sikuiweza. Ya tatu iliahidi jambo moja tu: kuondoa yenyewe kila kelele isiyo wimbo. Nikabonyeza kitufe. Kikohozi kikatoweka.

Ninyi mliowahi kuuguza mtanielewa. Nilikaa mbele ya kompyuta ile nikahisi kana kwamba mke wangu amepona. Sikuuliza sifa nyingine yoyote. Sikuichagua programu ile kwa ajili ya muziki. Niliichagua kwa kuwa iliniponyea mgonjwa wangu, naye amekwisha kuzikwa.

Nikazipitisha nyimbo zote. Programu ilinionya kwamba itahifadhi kazi yake juu ya rekodi za awali, nami nikakubali. Zilizobaki simuni nikazifuta kwa mkono wangu, maana sikutaka kukisikia kikohozi kile tena maishani. Nikachoma, tena kwa uangalifu, iwe CD ya muziki ambayo hata redio ya zamani huisoma. Nilijiona nimefanya kazi ya upendo.

Siku ya arobaini, baada ya ibada, watu wakiwa wamekaa mikekani uani, niliiweka CD redioni. Sauti ikatoka safi, nyororo, imenyooka kama uzi. Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni njiani. Wimbo ulipokwisha akasema, "Imetoka vizuri, baba. Asante." Akanyanyuka, akaenda kuangalia sufuria za pilau.

Mimi ni mtu wa bara, na msiba wa kwetu ni wa kimya. Sikuwa nimezoea namna watani wanavyoingia msibani kwa Wazaramo, wakimwigiza marehemu na kuwachekesha wafiwa. Basi akatokea mama mmoja, mtani wa ukoo wa mke wangu, amevaa joho la kwaya la marehemu, kitabu cha nyimbo amekishika juu chini.

"Shemeji!" akaniita mbele ya watu. "Huyo uliyetuletea redioni ni nani? Arobaini haijaisha, wewe umeshaoa mtangazaji?"

Watu wakacheka. Mimi nilitamani ardhi inifunike.

"Zima hiyo," akasema. "Mkeo huyu hapa."

Akaweka kiganja sikioni. Akagonga mguu chini kutafuta mapigo. Kisha akavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo, ile ile ambayo mke wangu aliivuta kabla ya kila mstari wa juu tangu siku niliyomfahamu, miaka mingi kabla ya ugonjwa. Akawageukia wanawake waliokaa: "Sauti ya pili! Mnaimba au mnaota? Rudieni!" Akakohoa, akajifuta mdomo kwa upindo wa joho, akaendelea kuimba kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mama mkwe akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi. "Ndiye!" akapaza sauti. "Jamani, ndiye mwanangu huyo!" Akacheka hadi akakaa chini, na kicheko kikageuka kilio, wanawake wakamshika.

Ndugu zangu, ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Pumzi ile ilikuwamo katika rekodi. Mguu ulikuwamo. Karipio kwa sauti ya pili lilikuwamo. Programu haikujua tofauti ya ugonjwa na mtu. Iliviona vyote kuwa ni kelele, ikavifuta pamoja. Mtani, kwa mzaha wa dakika chache, alimrudisha mke wangu pale uani. Mimi, kwa kazi yangu yote, nilikuwa nimemzika mara ya pili.

Nikarudi Kibaha nikaomba likizo, nikafunga mlango. Nilitafuta programu ya kurudisha kilichofutwa. Nilijaribu hii na ile, na kila moja ilinirudishia ukimya. Kanisani sikuja, maana kwaya ikianza ningeanguka. Zilikuwapo asubuhi ambazo sikuona sababu ya kunawa uso. Nayasema haya kwa kuwa humu ndani wapo wanaoyafahamu.

Ninyi ndio mliokuja. Hamkunihubiria; mlipiga hodi, mkafagia uwanja, mkasonga ugali, mkakaa kula nami. Dada mmoja wa sauti ya pili, naye yuko hapa leo, aliona nachezea tonge.

"Kaka, kula," akasema. "Marehemu angekukuta hivi, angekurudisha mstari wa kwanza."

Nikacheka, kisha nikamweleza yote. Akatoa simu yake kwenye mkoba.

"Mimi ninao wimbo mmoja. Siku moja sikuja mazoezini, akanitumia ili nisikie walivyoimba. Na amenisema humo humo, utasikia." Akanitazama. "Nakupa, kaka. Lakini ukiusafisha, mimi na wewe basi."

Ikanibidi nichague upya. Safari hii sikuuliza ni programu ipi yenye nguvu. Niliuliza: je, itaiacha rekodi ya awali kama ilivyo, ikafanya kazi kwenye nakala? Je, nikikosea, itaniruhusu kurudi nyuma? Je, nitaweza kusikiliza kabla na baada, nipime mwenyewe kilichoondoka? Nikairudia ile ya bure niliyoidharau, kwa kuwa yote hayo iliyaweza. Nilipunguza muungurumo wa jenereta la jirani wa kanisa, nikapandisha sauti kidogo, basi. Ilipofika zamu ya kikohozi, nikaacha kubonyeza. Nikampigia mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo huko?"

"Sijambo, mama. Kwenye wimbo huu anakohoa. Nikiondoe?"

"Baba, mchana ulipokuwa kazini, mimi ndiye niliyemuuguza hapo kwenu. Kikohozi chake nakijua. Usinifiche mwanangu."

Nikakiacha. Nikachoma CD, nikaipeleka Kisarawe mwenyewe. Nilimweleza kwamba ni wimbo mmoja tu, na jinsi nilivyozipoteza nyingine. Sikupunguza neno.

"Na mimi nilimzaa mmoja tu," akasema. "Weka."

Tukausikiliza. Ulipokwisha akasema, "Rudia." Nikarudia. Hapo nililia mbele ya mkwe wangu, jambo ambalo mila hailipendi. Naye akajifanya hakuona, akanyoosha mkono akaongeza sauti ya redio.

Sitawaambia kwamba maumivu yamekwisha. Nyimbo zile hazitarudi, na kuna siku bado nahesabu kilichokuwamo ndani yake. Lakini nimerudi kazini, nakuja kanisani, na kwaya ikianza nabaki nimekaa mahali pangu.

Namshukuru Mungu aliyenishika nilipokuwa sishikiki. Namshukuru mtani aliyenichekesha na kuniumiza kwa wakati mmoja. Nimekwenda kwake kumwambia, naye akanijibu kwamba nikioa mtangazaji kweli, nimwalike. Namshukuru dada yangu wa sauti ya pili, na ninyi nyote mliofagia uwanja wangu. Zaidi ya wote namshukuru mama mkwe, aliyekubali kumpokea binti yake mgonjwa kuliko mgeni mzima.

Funzo langu ni dogo. Tukiwa na uchungu tunapenda kuwarekebisha waliotutoka, tukiwaondolea ugonjwa, hasira na makosa yao, hadi tunabaki na mtu ambaye hatukuishi naye. Tusiwafanyie hivyo. Kwa hiyo Jumamosi, baada ya mazoezi, nitakuwa kwenye chumba cha kwaya na kompyuta yangu. Mwenye sauti ya marehemu wake simuni aje nayo jinsi ilivyo. Kwanza tutatengeneza nakala. Kisha tutakaa kimya tuisikilize yote, tangu mwanzo hadi mwisho, kabla hatujagusa kitufe chochote. Na wewe uliyempenda ndiwe utakayeniambia nini ni kelele.

Asanteni kwa kunivumilia. Sasa nakaa.