Sifuri ya Darasa la Tano

Ndugu, jamaa, majirani na walimu mliofanya kazi na marehemu, kabla familia haijaanza kusoma historia hii ni vyema mkajua kwamba mwenyewe aliikagua akiwa hai, akayakata kwa penseli maneno "mcheshi, mkarimu na mpenda watu", akaandika pembeni "Mfano?", hivyo mkisikia mahali amesifiwa bila ushahidi, jueni hapo tumeongeza sisi.

Marehemu, ambaye kwa sababu hiyo hiyo wengi wenu mlimwita Mama Mfano, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa reli nyuma ya karakana, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi wa mabehewa na mkewe mshonaji, na Januari 1965 alianza darasa la kwanza katika shule iliyokuwa mkabala na posta, akiwa amevaa viatu vya kaka yake vilivyojazwa karatasi mbele.

Tarehe 3 Juni 1969, marehemu akiwa darasa la tano, mwalimu wao, binti mdogo aliyekuwa na miaka ishirini na mitano na wanafunzi hamsini na wawili, aliwapa insha yenye kichwa "Safari Yangu ya Kwanza kwa Ndege", wakati hakuna hata mmoja wao, pamoja na mwalimu mwenyewe, aliyewahi kupanda ndege. Wanafunzi hamsini na mmoja walipanda ndege ile ile iliyokuwa imeandikwa ubaoni kama kielelezo, wakapewa soda ile ile, wakatua salama, lakini marehemu aliandika kwamba yeye hajapanda, ila siku moja alikwea bati la karakana kuchukua mpira, akaiona ndege ikipita, akabaki huko juu mpaka baba yake akamwita. Alipata sifuri, kwa kalamu nyekundu, na maneno matatu, "Nje ya mada", na daftari lile hakulitupa.

Alimaliza sekondari mwaka 1975, akahitimu chuo cha ualimu Novemba 1977, akaajiriwa Januari 1978, akafundisha miaka kumi na moja, na siku moja, baada ya kusahihisha insha arobaini na saba ambazo zote zilianza kwa jogoo kuwika, alimwambia mwalimu mkuu kwamba ama mji huu una jogoo wengi kupita kiasi, ama sisi walimu ndio wenye matatizo. Mwalimu mkuu, apate kupumua, alimpendekeza awe mkufunzi wa walimu kazini.

Semina yake ya kwanza ilifanyika Jumamosi tarehe 6 Mei 1989, katika chumba cha sayansi kimu, kati ya majiko mabovu, na walimu ishirini na wawili walipewa insha moja iliyodurufiwa, bila jina wala alama, wakaambiwa waisahihishe. Ilikuwa ni ile ya bati. Ishirini na mmoja waliipa chini ya tano kati ya kumi, ila mwalimu mmoja wa hisabati, aliyeletwa kwa sababu mwalimu wa Kiswahili wa shule yao alikuwa likizo ya uzazi na mkuu wake hakutaka chakula cha semina kipotee, hakuweka alama yoyote, akanyoosha mkono akauliza, "Sasa huyu mtoto alishukaje?"

Marehemu alicheka mpaka akakaa kwenye kistuli, na tarehe 15 Desemba 1990 wakafunga ndoa, wakajaliwa binti mwaka 1992 na mtoto wa kiume mwaka 1995, na kwa miaka thelathini na mitano bwana huyu, aliyekaa hapa mbele, ameuliza swali lile kila mwaka bila kupata jibu.

Mchana wa siku ile ile ya semina aliwaambia walimu sasa waandike wao, kwa kuwa mtu hafundishi kuogelea akiwa amekaa kwenye kiti, na hapo ndipo mmoja mwenye miaka ishirini na sita kazini alikumbuka kwamba amesahau miwani, mwingine akashikwa na tumbo, wa tatu akataka kujua kama posho inajumuisha kazi hiyo pia, basi marehemu akashika chaki, akaandika mbele yao, akafuta, akaandika tena, akasema, "Jamani, mnaona? Hata mimi nakwama." Wakaandika. Tangu hapo semina ikawa ya kila Jumamosi, na sheria yake ikawa mwalimu anaandika pamoja na wanafunzi wake, na anayesoma kazi ya mwenzake huanza kwa swali la kweli, alama baadaye.

Mwaka 2003, mwalimu wake wa darasa la tano, akiwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, alikuja semina, akapewa karatasi ile kama wengine, akaandika sifuri, na maneno yale yale matatu. Marehemu aliingia stoo ya chaki, akakaa humo dakika kumi, akatoka na birika la chai, akammiminia yeye kwanza. Mama huyo amekuja kila Jumamosi tangu siku hiyo.

Januari mwaka huu, 2024, marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa mara tatu, na tarehe 28 Agosti mwalimu wake huyo, ambaye sasa ana miaka themanini, alikuja wodini, akavuta kiti, akasema, "Mwanangu, ile karatasi niliijua kuanzia mstari wa kwanza, nikairudishia sifuri kwa aibu, maana kubadilisha mbele za watu kungekuwa kukiri. Lilete daftari." Akalipokea, akaiacha sifuri mahali pake, akaandika chini yake kwa penseli, "Ulipokuwa juu uliona nini?"

Marehemu alijibu kwa siku kumi na mbili, kurasa tatu, akikataa kuandikiwa, akimfukuza muuguzi wa sindano kwa kusema yuko katikati ya sentensi, na tarehe 9 Septemba, saa nne asubuhi, alifariki dunia akiwa amemaliza.

Familia inawashukuru madaktari, muuguzi aliyekubali kusubiri nukta, majirani waliotuletea viti kabla hatujaomba, wakufunzi wenzake, na walimu wa Jumamosi, ambao wiki ijayo watakutana kama kawaida, ikiwa ni zamu ya mwalimu wa miaka themanini kusoma kazi yake.

Mzee wetu wa hisabati, jibu lako, la kwa nini na si la vipi, liko mstari wa mwisho wa ukurasa wa tatu: "Bati lilikuwa la moto, na nilishuka kwa sababu baba aliniita, si kwa sababu nilikuwa nimetosheka kuangalia."

Pumzika kwa amani, Mama Mfano, kazi yako imesomwa.