Mengine Yamo Humo Ndani

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza dada yetu, familia imemteua mdogo wake wa mwisho awasomee historia hii, imemwonya asitie chumvi, naye ameahidi kujitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Mei 1953, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, na mama yetu alikuwa akisema kwamba huyu alitoka tayari ana la kusimulia. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, kisha sekondari ya wasichana hadi 1971, ambako aliwasimulia wenzake bwenini hadithi kwa vipande, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka matroni aliyekuja kuwanyamazisha naye akawa anavuta kiti.

Januari 1973 aliajiriwa katika duka moja kwenye mtaa wetu wa vitabu, mnaujua, chuo cha ualimu upande huu, chuo cha uuguzi upande ule, katikati maduka yamebanana, vitabu vimepangwa mpaka kwenye ngazi, na wanafunzi wanasoma wamesimama wakijifanya wanachagua. Wenye maduka wengine waliwafukuza wasomaji hao wa bure, yeye aliwafuata, akakichukua kitabu mikononi mwao, akaanza kuwasimulia kwa mikono na macho, na hadithi ilipofika patamu, pap! akakifunga, akawaambia mengine yamo humo ndani. Ni wachache waliotoka mikono mitupu, na mtaa ukampa jina la Mama Mengine kabla hata hajawa mama wa mtu. Mwaka 1989 mwenye duka alistaafu, akamwachia funguo, naye akalisimamia mpaka alipougua.

Agosti 1976 aliingia dukani mkufunzi wa hisabati, chaki mpaka kwenye nyusi, akitafuta kitabu cha jiometri, akamkuta marehemu akimsimulia mteja habari za mjane aliyeletewa sanduku na mtu asiyemjua, mjane akalifungua, akachungulia, pap! Mteja akanunua, kumbe nakala ni ya mwisho, wala kitabu hicho hakikuchapishwa tena. Mkufunzi alirudi kesho yake kuuliza sandukuni mlikuwa na nini, akarudi keshokutwa, akarudi na kurudi mpaka mkuu wa chuo akadhani amepata kazi ya pili, na tarehe 17 Desemba 1977 wakafunga ndoa. Sisi mashemeji tunashikilia mpaka leo kwamba alioa ili amaliziwe hadithi, naye hajawahi kukana. Siku ya harusi aliuliza, akajibiwa kwamba akimaliziwa leo, kesho atarudi nyumbani kufuata nini, na kila mwaka siku hiyo aliuliza tena, akaambulia jibu lile lile.

Walijaliwa watoto watatu waliokulia chini ya meza ya duka, na wa mwisho alipiga hatua ya kwanza ameshikilia rundo la kamusi, likamwangukia, ndiyo maana leo ni fundi umeme. Marehemu ameacha pia wajukuu saba, wote wasemaji.

Februari 2023 alianza kusumbuliwa na moyo, na tarehe 3 Juni 2024 alilazwa, akaigeuza wodi kuwa duka, hata mgonjwa wa kitanda cha jirani aliporuhusiwa kwenda nyumbani aliomba abakizwe mpaka kesho. Jumanne alasiri, tarehe 18 Juni, alimwambia mumewe avute kiti, leo anammalizia. Alianza mwanzo kabisa, kwa mikono na macho kama zamani, na shemeji yetu, ambaye hakuwa amelala vizuri tangu alazwe mkewe, hadithi ilipofika pale mjane kashika kifuniko cha sanduku, akasinzia, jamani, akakoroma! Muuguzi aliyekuwa akibadilisha dripu alitaka kumtikisa, marehemu akamkataza kwa kidole, akapunguza sauti asimwamshe mumewe, akaisimulia hadithi mpaka mwisho, akacheka kidogo, akafumba macho apumzike. Alfajiri ya Jumatano, tarehe 19 Juni 2024, alitutoka.

Mvumilivu hula mbivu, ndivyo tulivyofunzwa, lakini mbivu hizi amekula muuguzi. Binti huyo yupo hapa, alimfuata shemeji yetu kwa nia njema amwambie kilichokuwemo sandukuni, naye shemeji, analia huku anacheka, amekataa, amesema atakwenda kumuuliza mwenyewe. Binti yetu, tunakushukuru sana, na tunakuomba utie mdomo kufuli.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotupikia, vyuo vyote viwili, na wenye maduka wa mtaa mzima waliofunga milango leo. Dada yetu, tumekupenda mno, mumeo safari hii yuko macho, tumesimulia tulichoweza, mengine yamo humo ndani. Pumzika kwa amani.