Maisha ya Ezell Gaddis, Aliyecheza Kando ya Lonnie

Mchungaji Purvis, wifi yangu Vernita, watoto wetu Lorraine na Jerrod, waumini wote wa kanisa la Mlima Nebo, na ninyi wanaume warefu mliokuja kwa ndege kutoka kaskazini na ambao mabenchi yetu hayakuwa na habari nanyi, mimi naitwa Earlene Toliver, dada mkubwa wa marehemu, ukoo wa Gaddis umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mdogo wangu, nami naomba mapema kwamba Shemasi Wardlaw asinisaidie kusoma.

Marehemu Ezell Fontaine Gaddis alizaliwa Jumanne, tarehe 13 Machi 1962, hapa hapa Sumrall Bend, katika nyumba ya mbao iliyokuwa nyuma ya kinu cha pamba, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa Bwana Hosea Gaddis, dereva wa trekta, na Bi Odessa, mpishi wa shule, na inasimuliwa kwamba mkunga alimpeleka kinuni kumpima kwa mizani ya pamba, akarudi akimwambia mama, "Odessa, huyu hukumzaa, huyu umemvuna."

Alianza masomo ya msingi mwaka 1968 na ya sekondari mwaka 1976, na hakuwa na haja yoyote na mpira, huu wetu wa Kimarekani wa kurushwa kwa mikono na kugongana, alitaka kupiga tarumbeta, ile kubwa inayomzunguka mtu mwilini, mpaka Kocha Tolbert alipomkuta uwanjani ameibeba kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukila mkate, akamwuliza, "We mtoto, hilo dude halikulemei?" Ezell akajibu, "Hapana, bwana." Kocha akasema, "Basi liweke chini, njoo nikupe cha kukulemea." Hivyo ndivyo tulivyompoteza mwanamuziki, na mama alikufa hajamsamehe Kocha Tolbert, ingawa kila Krismasi alimpelekea pai.

Mwaka 1980 alimaliza sekondari, akaenda chuo kwa ufadhili wa mpira, akahitimu Mei 1984 na shahada ya kilimo ambayo mama aliitundika ukutani juu ya vikombe vyote, na mwaka huo huo akachukuliwa na timu ya kulipwa ya kaskazini, ambayo kwa ombi lake mwenyewe sitaitaja, akaichezea misimu kumi, katika safu ya mbele ya ulinzi, mpaka goti lake la kushoto lilipomstaafisha Januari 1994.

Hapa ndipo kwa desturi ningewasomea tuzo, na tuzo zipo, Jerrod amezipanga pale mlangoni, mtaziona mkitoka. Lakini Agosti iliyopita, tukiwa barazani tunamenya kokwa za pikani, marehemu aliniambia, "Dada, siku yangu ikifika utasoma wewe, maana wengine watanipamba. Usinipambe. Wasomee habari ya taulo." Nikamwuliza kwa nini asiiseme mwenyewe angali hai, akasema ameshaisema sana kwa mtu mmoja na haijakaa.

Basi nasoma habari ya taulo, kama alivyonieleza.

Ninyi mnajua kazi ya Ezell ilikuwa kumfikia mrusha mpira wa timu pinzani na kumlaza chini kabla hajaurusha, na kila alipomlaza, redio ya kinyozi Hubert ilisikika hadi posta na kengele ya kanisa hili ilipigwa, Mungu atusamehe, hata katikati ya mahubiri. Ambacho hatukukitazama ni nani alimfungulia njia. Katikati ya safu, bega kwa bega na Ezell, alisimama Lonnie Arceneaux wa Louisiana, huyu aliyekaa benchi la mbele kando ya Vernita, na kazi ya Lonnie ilikuwa kupambana na wazuiaji wawili kwa wakati mmoja, kichwa kwa vichwa, kila mchezo, ili Ezell abaki na mmoja tu au asibaki na mtu kabisa. Ezell akipita, tunapiga kengele, Lonnie yuko chini ya wale wawili, hakuna anayemwona.

Sasa, wanaume wa safu ya mbele walikuwa na desturi yao. Mtu akigongwa kichwa, akainuka anatazama asikokuwa na shughuli, daktari wa timu alikuja na maswali, tuko mji gani, tunacheza na nani, hii ni robo ya ngapi kati ya zile nne za mechi, na aliyeshindwa kujibu alikalishwa, na aliyekalishwa Jumapili aliweza kukuta Jumanne nafasi yake ina mtu mwingine. Kwa hiyo mwenzake alimwahi kabla ya daktari, akamtupia taulo begani, akajifanya anamfuta uso, na huku anamfuta anampa majibu sikioni. Waliita jambo hilo kumfuta mwenzako jasho, wakalihesabu kuwa ni udugu. Lile taulo jeupe alilolining'iniza Ezell kiunoni, ambalo watoto wote wa mji huu waliliiga, na wewe Shemasi ukaliiga ukiwa kwenye kwaya, lilikuwa la kazi hiyo.

Jumapili, tarehe 1 Desemba 1991, theluji ikianguka, Lonnie aligongwa, akainuka, akatembea taratibu akaenda kusimama katika safu ya wapinzani kana kwamba ni ndugu zake. Ezell alimvuta, akamwekea taulo, akamwambia mji, timu na robo, daktari akaja akauliza, Lonnie akajibu yote kama mtoto aliyekariri, akarudi mchezoni. Kabla ya mechi kwisha jambo hilo hilo lilitokea tena, na tena Ezell akamfuta jasho, na mpira ulipoanzishwa tena Ezell akamlaza mrusha mpira, ikapigwa ile picha ambayo mpaka leo ipo ukutani kwa Hubert, Ezell ameinua mikono miwili juu. Mkiitazama vizuri, pembeni chini kuna mguu mmoja umelala. Huo ni mguu wa Lonnie.

Nilimwambia, "Lakini mdogo wangu, ulikuwa unamwokolea mwenzio kibarua." Akaacha pikani, akanitazama. Akasema, "Watu watasema hivyo. Mimi nilikuwepo, Dada. Lonnie akitoka, wale wawili wananijia mimi. Nilimrudisha kwa ajili yangu."

Sina la kuongeza hapo, ila kwamba paa hili tulilokaa chini yake alilinunua Ezell msimu uliofuata, kwa mkataba mpya alioupata baada ya picha ile, na sote tulipiga makofi. Mvua haijatunyeshea tangu siku hiyo. Nimekaa chini ya paa hili kila Jumapili nikimshukuru Mungu, na tangu Agosti naliangalia nikiona haya.

Turudi kwenye ndoa. Marehemu alifunga ndoa na Vernita Coleman, mwalimu wa hesabu, Jumamosi, tarehe 20 Juni 1987, hapa Mlima Nebo, wakajaliwa Lorraine mwaka 1989 na Jerrod mwaka 1991, na alipostaafu alirudi nyumbani akachimba mabwawa ya kambare kule ng'ambo ya reli, akawa mfugaji, mtu wa matope na buti, mwenye furaha kiasi.

Mwaka 2006 alipata habari kwamba Lonnie amekutwa amekaa kituo cha mafuta huko Louisiana, hajui alikoliacha gari wala kama alikuwa na gari. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na Lonnie maradhi yake yalifichwa na mtu mwingine. Ezell aliendesha siku nzima, akarudi naye, akamshusha mlangoni na begi moja. Vernita, utaniwia radhi kwa kulitaja neno lako, alisimama pale mlangoni akasema, "Ezell Gaddis, mimi niliolewa na mtu mmoja, sikuolewa na safu nzima." Kisha akaingia ndani, akapiga simu, akaagiza kitanda kirefu.

Tangu siku hiyo wale wawili walikuwa pamoja, kwenye mabwawa, kwa Hubert, kanisani, na mlikuwa mkiwaona. Mlichokuwa mkikiona pia, na mkakisema vibaya, ni kwamba Ezell alikataa katakata kumpa Lonnie jibu la kitu chochote. Lonnie akiuliza, "Tuko wapi hapa?" Ezell hakumwambia, alingoja, na Lonnie akishindwa alimchukua kwa miguu hadi kwenye tangi la maji la mji, akamsimamisha asome mwenyewe jina la mji lililoandikwa pale juu, jua likiwaka, Lonnie akipiga kelele, "Si useme tu, we mkorofi!" Mtakumbuka pia darasa la Biblia, mwalimu alipomwuliza Lonnie ni nani aliyemezwa na samaki, na Shemasi Wardlaw kwa wema wake akamnong'oneza Yona, na mdogo wangu, ambaye alikuwa hajawahi kupaza sauti kanisani, akasimama akanguruma, "Mwache! Mwache ajibu mwenyewe, au asijibu!" Tulisema Ezell ana roho ngumu. Nilisema na mimi, tena jikoni kwa Vernita, kwa sauti. Hatukujua kwamba mtu yule aliapa mbele za Mungu kutotia tena jibu katika sikio la Lonnie Arceneaux.

Na toba yake mwenyewe hakuiepuka. Alimweleza Lonnie habari yote kwa mara ya kwanza mwaka 2007, wakilisha samaki, na Lonnie akamjibu, "Nimekusamehe, bwana, acha kulialia, kambare wanakusikia." Ezell alirudi nyumbani anaimba. Kulipokucha Lonnie hakuwa na kumbukumbu ya kitu, si ya toba wala ya msamaha. Akamweleza tena siku nyingine, Lonnie akalia. Siku nyingine akachukua ndoo ya chakula cha samaki, akammwagia kichwani, akaondoka kwa miguu mpaka barabara kuu, tukamtafuta mchana kutwa. Siku nyingine akasikiliza kwa adabu sana, akasema, "Huyo Lonnie maskini, alipona?" Majuto ni mjukuu, tunasema, lakini mjukuu wa Ezell hakukua, kila asubuhi alizaliwa upya, na alichokitaka mdogo wangu ulimwenguni, kuliko tuzo yoyote ile pale mlangoni, ni Lonnie ajue alichotendewa, na akiisha kujua, aseme neno lake mwenyewe, bila kutiwa na mtu.

Ugonjwa wa marehemu ulikuwa wa moyo, uliogunduliwa mwezi Aprili 2019, madaktari wakasema moyo umekuwa mkubwa mno na umechoka, akapunguziwa chumvi, akapunguziwa kazi, chumvi alitii. Jumapili iliyopita, tarehe 5 Novemba 2023, baada ya ibada, alikwenda na Lonnie kwenye mabwawa, akakaa kitini, na alipoanguka ni Lonnie aliyekimbia hadi barabarani akasimamisha gari, ingawa hakuweza kumwambia dereva ni nani ameanguka. Alifikishwa hospitali ya wilaya, akafariki saa kumi na moja jioni, mkono wake ukiwa katika mkono wa Vernita.

Wiki nzima tulikuwa na hofu moja, kwamba Lonnie atamtafuta Ezell kila asubuhi, na kwamba Ezell ameondoka bila kupata alichokitaka. Leo asubuhi, kabla Bwana Mabry wa nyumba ya mazishi hajafunga jeneza, tulimleta Lonnie aage. Alisimama, akatazama. Nikaona midomo ya watu wote chumbani inafunguka kumwambia huyu ni nani, na Shemasi ameshainama, nami nikainua mkono, nikasema, "Mwacheni." Tulingoja. Bwana Mabry alitazama saa yake, akatazama tena. Nilijiona mtu katili, nikajua alivyojisikia mdogo wangu miaka yote ile kando ya tangi la maji.

Kisha Lonnie alitoa kitambaa cheupe katika mfuko wa koti lake, akakikung'uta, akakitandika kwenye bega la Ezell, akaanza kumfuta uso, taratibu, akainama sikioni, na sote tulisikia kwa sababu Lonnie hajui tena kunong'ona. Akasema, "Ezell. Hapa ni Sumrall Bend. Leo ni Jumamosi. Ni robo ya nne. Wakikuuliza, sema hivyo hivyo." Akamfuta tena. Akasema, "Usiinuke, bwana. Hao wawili niachie mimi."

Kama huo ni msamaha, au ni mikono tu iliyokumbuka kazi yake ya zamani, sijui, na sitaki mtu aninong'onezee jibu. Najua kwamba hakuna aliyemtia maneno yale.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, majirani wa ng'ambo ya reli waliolisha samaki wiki nzima bila kuombwa, kina mama wa jikoni kwa kuku na pai za viazi vitamu zinazotungoja, wachezaji wenzake waliosafiri kutoka mbali, Hubert aliyeishusha jana ile picha na kuirudisha ukutani leo bila fremu, ili pembe ya chini ionekane, na Lonnie Arceneaux, ambaye Vernita ameagiza niwatangazie kwamba kitanda chake kipo palepale.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, usiinuke. Wale wawili ameshawashika Lonnie.