Mzee Kuwabara na Theluji Aliyoikataa

Tarehe 30 Juni 1934, Mzee Teizo Kuwabara anaweka brashi chini baada ya miaka thelathini na mitatu katika chumba cha rangi cha karakana yetu ya kuchapa picha hapa mtaa wa Kanda. Nimepewa ukurasa mmoja na kuombwa niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ingawa mtu huyu amenizeesha.

Aliingia mwaka 1901, akitokea kwa watengenezaji wa mapepeo ya karatasi. Miaka saba baadaye akaja Mwalimu Muriel Tansley kutoka Uskoti na michoro yake aliyoichora kwa asidi kwenye mabamba ya shaba: madaraja, mahekalu, wanawake chini ya miavuli. Kazi ilikuwa rahisi kueleweka. Mimi nachapa mistari, Mzee anatia rangi kwa mkono akifuata mfano alioupaka Mwalimu mwenyewe, na nakala zote zinafanana.

Zifanane wapi! Mfano uko mezani, macho ya Mzee yako dirishani. Ikifika siku ya kwanza ya Juni, mji mzima unapoacha kimono nzito na kuvaa nyepesi, naye anawabadilisha nguo wanawake wa kwenye picha. Mteja mmoja wa Boston alinunua nakala mbili za daraja moja, moja ikamfikia na majani mabichi, nyingine na majani mekundu, akatuandikia kwamba mojawapo ni ya kughushi. Wa kumjibu nikawa mimi, ambaye Kiingereza changu chote ni pole na asante. Nilipomuuliza Mzee, alisema bila kuinua kichwa kwamba hawezi kumtembeza mwanamke wa watu juani na nguo za baridi.

Haki yake nimpe. Moto wa tetemeko la 1923 ulipokuja, aliyapakia mabamba yote ya Mwalimu kwenye mkokoteni akausukuma mpaka Ueno, ambako moto haukufika. Koti langu jipya, lililokuwa limetundikwa pale pale mlangoni, hakuliona.

Sasa nije kwenye la mwaka huu, maana bado linaniuma. Majira ya baridi yaliyopita, Mwalimu alirudi kwao akiwa mgonjwa wa mapafu, na madaktari wamemkataza kusafiri tena. Bamba la mwisho alilotuachia ni la mti wa plamu nyuma ya nyumba aliyopanga Ushigome. Theluji ilikuwa imelivunja tawi lake kubwa, na yeye aliondoka akiamini mti umekufa. Aprili akaagiza nakala ishirini kwa ajili ya maonyesho yake: theluji, anga la kijivu, matawi matupu. Kazi za Mwalimu ndizo zinazokiweka hai chumba cha rangi. Akizikataa, kinafungwa, na watu wanne wanakwenda nyumbani. Nilimweleza Mzee hayo yote, akatikisa kichwa kukubali.

Kumbe alikwenda Ushigome, akambembeleza mpangaji mpya amwonyeshe ule mti. Akarudi, akazipaka nakala zote ishirini majani na matunda mabichi, akazifunga na kuzipeleka posta mwenyewe kabla sijaziona. Nilimfokea mbele ya watu, na sioni haya kusema hivyo. Yeye akaosha brashi yake taratibu.

"Theluji aliiacha mwenyewe, anaijua," alisema. "Asichokijua ni kwamba mti umepona."

Wiki zilizofuata nilimngoja mtu wa posta mlangoni kila asubuhi. Alhamisi iliyopita simu ya maandishi ikafika, nikaisoma kwa sauti nikiwa nimesimama: "Nimezipokea zote. Za theluji sizitaki tena. Oktoba mti unakuwaje?"

Wawili walikuwa wakilia, nami nilikuwa mmoja wao. Mzee aliuliza kama kuna chai.

Basi niambieni, jamani, hiyo Oktoba ataipaka nani? Jumapili nilikwenda Ushigome mimi mwenyewe. Nilisimama chini ya ule mti mpaka mpangaji akatoka kuniuliza kama nimepotea. Niliona majani tu.

Mzee Kuwabara, tunakushukuru, na tunamshukuru mama wa nyumbani kwako, Bi Fusa, aliyekuvumilia kwa miaka hiyo yote. Tunakutakia afya, usingizi mrefu na mapumziko mema, mpaka Septemba itakapokwisha.